Wanaobaki Benchini Wakati wa Komunyo



Katika Injili ya Marko, sura ya 10, Mafarisayo wanamjia Bwana na swali la talaka, naye anawarudisha kwenye nia ya Muumba tangu mwanzo. Neno hilo limesomwa Iringa na Mbeya kwa vizazi vingi. Kila linaposomwa, wapo wanaoinamisha vichwa, kwani wakati wa Komunyo utakapofika wao watabaki benchini. Leo tuitazame historia yao.

Wabenediktini waliofungua misheni ya Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19, Wakonsolata waliowarithi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Mapadre Weupe wa Prefektura ya Kitume ya Tukuyu, iliyoundwa mwaka 1932, wote walikuta ndoa zenye mizizi yake: ukoo, mahari, na mume mwenye wake kadhaa. Mume wa namna hiyo alipoomba Ubatizo, aliambiwa abaki na mke mmoja. Kanuni hiyo ilianzia kwa Papa Paulo III mwaka 1537. Je, wale wengine waende wapi? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inamwagiza Askofu aangalie kwamba wanawake walioachwa wanatunzwa kwa haki.

Kisha zikaja kazi za mbali. Vijana wa Rungwe walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya Rhodesia ya Kaskazini. Wenzao wa Iringa wakaenda kukata mkonge. Miaka ikapita bila barua. Mume akaoa huko, mke akaolewa huku. Mwaka 1971 Sheria ya Ndoa ya nchi iliweka utaratibu mmoja wa talaka kwa watu wa dini zote, shauri likipita kwanza katika baraza la usuluhishi. Lakini hati ya mahakama ya serikali haikifungui kifungo cha Sakramenti.

Basi watu hawa wafanyiwe nini? Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika wosia wake Familiaris Consortio, aliwataka wachungaji wapambanue: aliyeachwa kwa dhuluma si sawa na aliyeivunja ndoa yake kwa makusudi. Akasema kwamba waliooa tena hawakutengwa na Kanisa. Ila Komunyo hawawezi kupokea, isipokuwa wakiishi kama kaka na dada. Mwaka 1993 maaskofu watatu wa Ujerumani walipendekeza njia pana zaidi, na Roma ikaikataa mwaka 1994. Mjadala ukarudi kwa nguvu katika Sinodi za mwaka 2014 na 2015. Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, hakutunga sheria mpya kwa wote. Alihimiza upambanuzi wa kila hali, na katika tanbihi moja akataja kwamba msaada huo waweza pia kuwa wa Sakramenti. Maaskofu wa nchi mbalimbali wameisoma tanbihi hiyo kwa namna tofauti hadi leo.

Ndugu zangu, kuna jambo moja ambalo pande zote za mjadala hukubaliana: anayebaki benchini ni mtoto wa nyumba hii. Amebatizwa, anasali, anafunga, anawafundisha watoto wake Baba Yetu. Na huenda ndoa yake ya kwanza haikuwa ndoa kamwe. Binti aliyesukumwa altareni kwa vitisho, kwa sababu ng'ombe wa mahari wamekwisha pokelewa, hakutoa ridhaa huru. Na pasipo ridhaa hakuna ndoa. Kulichunguza hilo ni kazi ya Mahakama ya Kanisa. Mwaka 2015 Papa Fransisko alirahisisha mashauri hayo: hukumu moja ya kutamka ubatili inatosha pasipo rufaa, na gharama zipunguzwe hadi, inapowezekana, zisiwepo.

Hata hivyo wangapi wamezeeka benchini bila mtu kuwaeleza hayo? Ewe unayenisikiliza, mwendee Paroko wako, mweleze habari yako yote tangu mwanzo. Nawe jirani unayepita mbele yake kwenda kupokea, usimtazame kwa dharau. Hujui alilia usiku ngapi kabla ya kuja Misa. Mungu awabariki. Amina.