Pango la Noeli katika Mji wa Mawe



Juma hili tulipita kanisani tukawakuta vijana wakikunjakunja mifuko mitupu ya saruji na kuipaka rangi ya kijivu, ili kujenga pango la Noeli. Bidii yao tunaishukuru. Lakini tulipotoka nje na kuinua macho, tulicheka kidogo. Mwanza yote imeketi juu ya mawe: yamepangana vilimani, yamesimama ziwani kama lile la Bismarck, mengine yamo katikati ya nyumba za watu. Nasi ndani tunatengeneza mawe ya karatasi! Juu yake wakatandaza pamba, zao la jasho la wakulima wa Usukuma, iwe theluji ambayo hakuna mzee wa huku aliyepata kuikanyaga.

Tukaona vema tukumbushane pango hili limetoka wapi. Mwinjili Luka anataja hori tu. Habari ya pango twaipata kwa Mtakatifu Yustino Mfiadini, karne ya 2. Desturi yetu yenyewe mizizi yake iko Greccio, kijiji cha milimani nchini Italia, katika Noeli ya mwaka 1223. Fransisko wa Asizi alimwomba rafiki yake Giovanni, bwana wa mahali pale, aandae hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Sanamu hazikuwapo. Misa iliadhimishwa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili. Tomaso wa Celano, aliyeandika habari hiyo miaka michache baadaye, asema nyasi zile zilihifadhiwa, na wanyama wagonjwa walioonjeshwa walipona.

Tuangalie jambo moja: Fransisko alikuwa amefika nchi za Mashariki miaka michache kabla, lakini hakuagiza chochote kutoka Bethlehemu. Alitumia mwamba wa Greccio na nyasi za Greccio.

Walioiga baadaye walifuata njia hiyo hiyo, hata walipoanza kufanya mambo kwa udogo. Mafundi wa Napoli katika karne ya 18 walijenga milima midogo kwa magome mepesi, yale yanayotengenezewa vizibo vya chupa. Kule Marseille, Mapinduzi ya Ufaransa yalipofunga makanisa na watu wakakosa mapango ya hadharani, fundi Jean-Louis Lagnel alifinyanga kwa kalibu sanamu ndogo za udongo, za bei ambayo maskini aliimudu. Hazikuwa za Maria na Yosefu tu. Walikuwamo pia wauzaji na mafundi wa mitaani kwao.

Imani yenyewe ilifika pwani zetu kwa Wamisionari wa Afrika, waliofika Kageye mwishoni mwa mwaka 1878, kabla Padre Lourdel na Bruda Amans hawajavuka ziwa kwenda Buganda. Misheni ya Bukumbi ilianzishwa mwaka 1883. Hata hivyo, aliyetuonyesha kwa macho kwamba mambo ya Kanisa yaweza kuvaa umbo la huku ni Padre David Clement, Mkanada, aliyeanza kazi Bujora katika miaka ya 1950. Kanisa la pale ni la duara, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na makumbusho yake yana jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Umbali wa kutoka mjini hadi pale Kisesa si mkubwa. Wenye kujenga mapango wangetembelea kwanza huko kabla ya kwenda dukani.

Baada ya hayo tulizungumza na vijana, na kazi ikaanza upya. Mawe tumeyaokota chini ya kilima, yale madogo yaliyokwisha kulika kwa mvua na jua, kwa kuwa jiwe lililopasuliwa karibuni humeta mno na halifanani na mlima. Mchanga wa ufukweni umeoshwa na kuanikwa, maana wenye unyevu huleta wadudu. Nyasi ndizo zilizotusumbua. Desemba kwetu ni mvua, kila kitu ni kibichi. Anayetaka nyasi za hori hana budi kuweka majani ya mpunga tangu mavuno. Mwaka mmoja tulikata mafunjo mabichi tukaezekea kibanda, na kabla ya Epifania yalikuwa yamekunjamana na kunuka hata wanakwaya wakahama benchi. Tena mafunjo ni makazi ya samaki wachanga, hayafai kufyekwa ovyo kwa ajili ya pambo. Safari hii tumeezeka kwa magugumaji makavu, mgeni aliyelivamia ziwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wavuvi wametushukuru kwa kuyaondoa. Mishumaa tumeiweka mbali, kwa sababu inayojulikana na kila aliyewahi kukaa nyumba ya nyasi.

Mama mmoja ameuliza mbona hakuna theluji. Tumemwonyesha mtumbwi mdogo ambao vijana wameuchonga kwa kipande cha ubao, wakautia dagaa wakavu watatu. Ameutazama, kisha akasema dagaa hao wataliwa na paka wa sakristia kabla ya mkesha. Tumemwomba mlinzi afunge mlango.