Nyumba ya Mandala na vita vilivyosimuliwa na upande mmoja

Nyumba kongwe kuliko zote zilizosimama Malawi iko Blantyre, zaidi ya kilomita 300 kutoka Lilongwe kwa barabara ya Dedza na Ntcheu. Ilijengwa 1882, na wenyeji wanaijua kwa jina la Mandala. Sisi tunaozungumza Kiswahili nchini hapa, wakimbizi wa kambi ya Dzaleka pamoja na wenye maduka Lilongwe, ni nadra kuitaja. Lakini inatuhusu sana.

Waliojenga ni Waskoti wa kampuni ya African Lakes, iliyoundwa Glasgow mwaka 1878 na kusimamiwa na ndugu wawili, John na Fred Moir. Miwani ya John ndiyo iliyompa jina la Mandala, na jina hilo likaenea hadi kwa kampuni na nyumba ya meneja wake. Walisema wamekuja kuleta biashara halali ili ile ya watumwa ife. Biashara yenyewe waliyoitegemea zaidi ilikuwa ya pembe za ndovu.

Leo ghorofa ya chini ina picha za wachoraji, na mgeni anaweza kuagiza kahawa akakaa barazani. Baraza ni pana, ya kukingia jua kali na mvua za masika, na inaizunguka nyumba chini na juu. Juu kuna maktaba ya Society of Malawi, chama kilichoanza 1946 wakati nchi ikiitwa Nyasaland, na kilichoanza kutoa jarida lake 1948. Anayetaka kuijua historia ya Ziwa Malawi asikose kupanda ngazi zile.

Akipanda, atakutana na Mlozi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa, mtu wa asili ya pwani, aliyeweka ngome karibu na Karonga, kaskazini ya ziwa. Mwanzoni kampuni ilinunua pembe zake. Bidhaa za kumlipa zikawa zinachelewa, misafara ikarundikana Karonga ikisubiri malipo, na ugomvi ukaanza. Mwaka 1887 watu wa Mlozi waliwaua Wangonde wengi, wenyeji wa Karonga, kando ya maji ya Kambwe, unyama ambao hauna utetezi. Vita kati yake na kampuni vikaendelea hadi 1889. Desemba 1895 Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza, aliivunja ngome hiyo, na Mlozi akanyongwa.

Sasa tazama nani alishika kalamu. Monteith Fotheringham, wakala wa kampuni pale Karonga, alitoa kitabu 1891. Frederick Lugard, aliyekuja kuwapigania Waskoti na kujeruhiwa 1888, alitoa chake 1893. Johnston mwenyewe akafuata 1897, na Fred Moir akaandika kumbukumbu zake uzeeni, 1923. Mlozi hakuacha kitabu. Wangonde waliouawa hawakuandika lolote. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili, baadhi yao wakisemezana kwa Kiswahili, hawana hata majina.

Haikulazimu iwe hivyo. Tippu Tip, aliyefanya biashara ile ile huko Kongo, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikachapishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kila mwanahistoria wa Kongo ya mashariki hana budi kumsoma, ampende au amchukie, kwa sababu aliacha neno lake.

Nayaandika haya nikiiwazia Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kutoka Lilongwe. Zamani za rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa siasa. Tangu 1994 ni kambi ya wakimbizi, iliyokusudiwa watu wasiozidi 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000, Wakongo wakiwa wengi, kisha Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili kimetanda sokoni, makanisani na misikitini. Mshairi wa Kikongo Menes La Plume alianzisha hapo tamasha la Tumaini mwaka 2014, na wageni kutoka Lilongwe huja kusikiliza muziki na mashairi ya wakimbizi. Ni kazi kubwa, na nawapongeza walioianzisha.

Lakini jukwaa likivunjwa, sauti huondoka na watu. Waandishi wa ripoti kuhusu Dzaleka ni wengi, na karibu wote wanatoka nje ya kambi. Miaka 100 ijayo msomaji atakayeketi Mandala atatujua kwa maneno yao tu.

Basi ombi langu ni kwa wenye umri na kumbukumbu pale kambini, na kwa vijana wanaojua kuandika. Mwulizeni babu kijiji alichotoka, njia aliyopita, mwaka aliofika, na nani alimpokea. Andikeni kwa Kiswahili, mtaje tarehe na majina ya mahali, mpige nakala. Moja ibaki Dzaleka, nyingine iombewe nafasi katika maktaba ya Mandala.