NAULI NI YA NANI? Historia ya kukopa ili kwenda kufanya kazi mbali (Sehemu ya 4)

Swali la wiki hii ni hili: "Nesi, nimepata kazi za ndani Oman, miaka 2 tu. Nikope niende?"

Kabla hujakopa, naomba tuangalie nyuma kidogo. Kukopa ili ukafanye kazi mbali halafu urudi hakukuanza leo.

Karne ya 19, Tippu Tip wa Zanzibar hakuingia bara kwa hela zake. Alichukua bidhaa kwa mkopo kwa matajiri wa Kihindi, hasa Taria Topan. Safari yake moja ilianza mwaka 1870 na akarudi Zanzibar 1882. Deni lilisubiri msafara urudi na pembe. Mkopaji alitajirika, lakini walioumia ni waliobeba mizigo na waliouzwa utumwani njiani. Jifunze hapa: mkopo wake ulilipwa kwa matunda ya safari, na yeye ndiye aliyekuwa bosi wa safari. Wewe unayekwenda kufanya kazi kwenye nyumba ya mtu si bosi wa safari.

Njoo sasa kwenye reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walijenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, kwenye ziwa hili hili letu. Walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India kwa mkataba wa miaka 3. Nauli ya kuja ililipwa na mwajiri, na ya kurudi iliandikwa ndani ya mkataba. Kazi ilikuwa ngumu na karibu 2,500 walikufa. Ila angalia hicho kipengele cha kurudi. Wengi walirudi kwao kwa sababu tiketi ilikuwa imeshaahidiwa kwa maandishi kabla hawajapanda meli.

Na sisi Wasukuma je? Tangu enzi za Wajerumani, wazee wetu na jirani zetu Wanyamwezi walikwenda mashamba ya mkonge huko Tanga. Serikali ilidai kodi kwa hela taslimu, na hela nyumbani haikuwepo. Kwa hiyo mtu aliondoka akiwa na deni tayari, deni la kodi. Kule alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi. Ukiumwa, siku haihesabiwi. "Mwezi" ungeweza kuchukua wiki 6 au zaidi kabla hujashika mshahara. Walioandikishwa kwa mkataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba.

Kilichopunguza safari hizo ni pamba. Ilipostawi Usukumani, hasa miaka ya 1950, enzi za vyama vya ushirika vilivyoongozwa na Paul Bomani, mtu aliweza kulipa kodi bila kutoka kijijini. Mwenye hela nyumbani ana uwezo wa kusema hapana.

Sasa turudi kwenye swali letu. Katika nchi za Ghuba, kibali chako kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Utaratibu huo unaitwa kafala. Kwa kawaida mwajiri humlipa wakala gharama za kukuleta. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Wapo walionyang'anywa pasipoti, na wapo walioambiwa, ukitaka kuondoka, rudisha kwanza gharama tulizokulipia. Hapo ndipo mtego ulipo: unaondoka na deni la huku, ukifika unakuta deni la kule. Ukiumwa au ukipigwa, madeni yote mawili yanakwambia vumilia.

Tufanye hesabu, hizi ni namba za mfano tu. Umekopa milioni 2 za pasipoti, vipimo, dalali na kujikimu Dar, kwa riba ya kausha damu, asilimia 20 kwa mwezi. Mshahara ni laki 6. Ukilipwa kila mwezi na ukatuma wote, utamaliza deni mwezi wa 7. Lakini mwajiri akichelewesha miezi 2 na riba ikajumlishwa kwenye deni, unadaiwa 2,880,000. Riba ya mwezi unaofuata ni 576,000. Ukituma laki 6 yote, deni limepungua 24,000. Jamani, deni litaisha mwezi wa 20, miaka 2 ikiwa karibu kuisha, na mtoto hajaletewa hata sare ya shule.

Kwa hiyo kabla hujaweka kiwanja rehani, uliza haya. Nani amelipa nauli, na nikitaka kurudi kabla ya muda nitadaiwa nini? Nauli ya kurudi imeandikwa wapi? Mshahara wa kwanza unaingia lini, na mkopo unaanza kudai lini? Kama mkopo unadai kabla ya mshahara, usisaini. Wakala akikutoza ada ya kukutafutia kazi, shtuka: mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba mfanyakazi asitozwe. Ulizia kwenye ofisi ya serikali inayoshughulikia ajira za nje, nenda kabla hujatoa hata shilingi. Na kama ni lazima ukope, kopa kwenye kikoba chenu, kwa watu watakaokubali kusubiri, na mkubaliane kwa maandishi itakuwaje ukirudi mapema.

Kuna mama amekwenda akarudi na nyumba, simkatai. Muulize tu nauli ilikuwa ya nani.

Sehemu ya 5: mtoto anayebaki na bibi. Tafuta kadi yake ya kliniki kuanzia leo. Chanjo ya surua ni miezi 9 na miezi 18, na bibi asiyejua kadi ilipo hataikumbuka.