1916: Vita vya Ulaya Vilipofika Ulaya ya Kilosa

Wadau, leo turudi nyuma zaidi ya miaka 100. Ukitaja mwaka 1916, wengi wanajua yale makubwa ya dunia tuliyosoma shuleni. Hebu tuyapitie haraka haraka:

- Februari 21: Wajerumani wanaanza kuishambulia Verdun, Ufaransa. Mapigano yanadumu miezi kumi.
- Aprili 24: Waayalandi wanawaasi Waingereza mjini Dublin.
- Julai 1: Vita vya mto Somme vinaanza. Siku hiyo moja tu Waingereza wanapoteza zaidi ya watu 19,000.
- Desemba 30: Rasputin, yule mzee wa maombi aliyekuwa na sauti kubwa ikulu ya Urusi, anauawa.

Sasa swali: na kwetu je? Kumbe mwaka huohuo vita vilikuwa mlangoni kwetu.

Wenyeji wa Kilosa wanajua kuwa kule kuna sehemu inaitwa Ulaya. Ndiyo, Ulaya kabisa, upande wa kusini ukitoka Kilosa mjini. Na vita ambavyo wazee wetu waliviita vya Wazungu vilipita hapohapo.

Ilikuwa hivi. Wakati huo nchi ilikuwa ya Mjerumani, na reli ya kati ilikuwa imeshakamilika hadi Kigoma. Jenerali Smuts wa Afrika Kusini, akiongoza majeshi ya Uingereza, aliitaka hiyo reli. Mwenzake, van Deventer, akatokea Kondoa, akaifikia Dodoma mwishoni mwa Julai, akashuka na reli kupitia Mpwapwa, na Agosti 22 akaingia Kilosa. Siku chache baadaye Morogoro nayo ikaanguka, na mwanzoni mwa Septemba ikafuata Dar es Salaam.

Wajerumani hawakusalimu amri. Walibomoa madaraja ya reli, wakarudi nyuma kuelekea kusini. Van Deventer akawafuata kupitia Ulaya hadi Kidodi, pembezoni mwa nyika za Mikumi ambako leo tunapunga upepo na kupiga picha na tembo. Enzi hizo haikuwa hifadhi, hifadhi imeanzishwa 1964. Farasi wa Makaburu walikufa ovyo kwa mbung'o, na askari wakaangushwa na malaria.

Farasi wakifa na reli ikiwa imevunjwa, unga na risasi vinafikaje mbele? Kichwani kwa mtu, bwana! Pande zote mbili zilitegemea wapagazi Waafrika, wengi wao wamekamatwa kwa nguvu vijijini. Mtu anatembea mwezi mzima na mzigo, chakula kidogo, mvua yake, kuhara damu kwake. Akianguka, mzigo anapewa mwingine.

Upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na watafiti wa baadaye wanasema huenda walipita 95,000. Na si wapagazi tu. Majeshi yalichukua vyakula na ng'ombe, na majirani zetu Wagogo wakaingia kwenye njaa kali waliyoiita Mtunya, kuanzia 1917.

Kinachouma ni hiki: farasi walihesabiwa, magenerali wana vitabu vyao, lakini mpagazi aliyelala njiani kati ya Kilosa na Kidodi hana hata jina. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kilichobaki ni jina la jumla: Kariakoo. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, tukalitamka kwa ulimi wetu. Kila siku watu wanaenda kununua viatu na simu kule bila kujua wanataja kumbukumbu ya marehemu.

Kwa hiyo siku ukipita Mikumi, ukimaliza kuhesabu twiga, wakumbuke na hao. Na kama nyumbani bado kuna mzee aliyesimuliwa na babu yake, kaa naye umuulize jina, uliandike. Hata likipatikana moja tu, litakuwa jina moja zaidi ya yale tuliyonayo.