Dhima ya Mzalishaji Hadi Jaani

Tarehe 16 Oktoba 2025 lilianza kutumika agizo jipya la Umoja wa Ulaya kuhusu taka, namba 2025/1892. Linazipa nchi wanachama 27 muda wa miezi 30 kuunda mifumo ambayo itaifanya kila kampuni inayouza nguo na viatu katika nchi hizo, hata ile inayouza kupitia intaneti kutoka mbali, ilipie gharama ya kuvikusanya, kuvichambua na kuvichakata upya vikishachakaa. Muda huo unaishia Aprili 2028. Kenya nayo ina sheria ya aina hiyo: Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, na kanuni zake zilizochapishwa Novemba 2024, zinawataka wanaoingiza bidhaa sokoni, pamoja na vifungashio vyake, wabebe mzigo wa taka zinazotokana nazo. Jina la Kiingereza la wazo hili hufupishwa kwa herufi tatu, EPR, na likitafsiriwa neno kwa neno tunapata “wajibu uliopanuliwa wa mzalishaji”. Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi. Hata hivyo, inaficha jambo ambalo mkazi wa Dandora, Korogocho au Kariobangi, jijini Nairobi, anastahili kuliona mara tu anaposikia istilahi yenyewe: wajibu huo unaishia wapi, na unaishia mikononi mwa nani.

Asili ya wazo inatusaidia kupima maneno. Mswidi Thomas Lindhqvist, wa Chuo Kikuu cha Lund, ndiye aliyelipa jina mwaka 1990 katika ripoti aliyoiandikia wizara ya mazingira ya nchi yake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa na nzito kuitekeleza. Halmashauri za miji zilikuwa zikizoa na kufukia vitu ambavyo hazikushiriki kuvibuni, kwa fedha za walipa kodi ambao hawakuulizwa. Aliyechagua chupa iwe ya plastiki na si ya kioo, au kifungashio kiwe cha tabaka tatu zisizotenganishika, hakulipa senti moja kwa uamuzi huo baada ya mauzo. Mlipishe, Lindhqvist alisema, naye atabuni upya. Mwaka 1991 Ujerumani iligeuza wazo hilo kuwa amri kwa upande wa vifungashio, chini ya waziri wa mazingira Klaus Töpfer. Huyo ndiye Töpfer aliyekuja baadaye kuliongoza Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, kule Gigiri, Nairobi, kuanzia mwaka 1998 hadi 2006. Kwa hiyo mmoja wa waasisi wa sheria hii Ulaya alifanya kazi kwa miaka minane katika jiji ambalo jaa lake kuu, Dandora, lilitangazwa kujaa mwaka 2001 na likaendelea kupokea malori.

Sasa tulitazame neno “kupanua”. Tunapanua barabara, tunapanua biashara, tunapanua mlango: tunaongeza nafasi pande zote bila kusema mwisho uko wapi. Lindhqvist alikuwa na mwelekeo mmoja akilini, wa mbele, kutoka kiwandani hadi dukani, hadi nyumbani kwa mnunuzi, hadi pale kitu kinapokoma kuwa na kazi. Wajibu “uliopanuliwa” unaweza kuwa mkubwa kiasi chochote, na mwenye kampuni akadai ameupanua vya kutosha kwa kuchora alama ya kijani kwenye lebo. Neno “wajibu” nalo ni pana mno. Kuwasalimu wazee ni wajibu, kupiga kura ni wajibu, na asiyefanya hatozwi kitu. Lugha ya sheria inahitaji neno linaloonyesha mzigo ulio shingoni mwa mtu fulani, unaoweza kudaiwa mahakamani, na Kiswahili tayari kinalo: dhima. Napendekeza “dhima ya mzalishaji hadi jaani”.

Najua pingamizi mbili zitakazotolewa na watu wa istilahi. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wetu wamezoea “dhima ya fasihi”, yaani kazi yake, na huenda wakadhani tunazungumzia kazi ya mzalishaji katika jamii. Maana hiyo ipo, lakini neno linaloweza kubeba maana mbili katika fani mbili si geni katika lugha yoyote, na katika muktadha wa sheria dhima haieleweki vinginevyo. Pingamizi ya pili ina uzito zaidi. Lengo la mfumo huu ni kuzuia vitu visifike jaani, kwa hiyo kulitaja jaa katika jina lake ni kama kukubali kushindwa. Nimelifikiria hilo na bado naona jina linasimama, kwa sababu linataja mahali ambapo hesabu ya mzalishaji hufungwa. Anayejua kwamba bili yake itasomwa jaani ana sababu ya kuhakikisha shati lake halifiki huko. Istilahi inayoishia kwenye “uchakataji” au “mzunguko” ingempa mzalishaji nafasi ya kudai kwamba kilichoponyoka mzunguko hakimhusu.

Neno “mzalishaji” linaleta ugumu wa namna nyingine, na hapa ndipo Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, inapoingia katika habari za Ulaya. Katika sheria ya Kenya mzalishaji si mwenye kiwanda peke yake. Ni yeyote anayeingiza bidhaa nchini au sokoni kwa kuitengeneza, kuiagiza kutoka nje, kuijaza, kuifunga upya au kuibandika chapa mpya. Sheria ya Ulaya inafuata mantiki hiyo hiyo: mzalishaji ni yule wa kwanza kuifikisha bidhaa katika soko la nchi husika. Kila mpaka, basi, unazaa mzalishaji mpya. Shati lililoshonwa Bangladesh na kuuzwa Paris lina mzalishaji Ufaransa, ambako mfumo wa kulipia nguo zilizochakaa umekuwepo kwa zaidi ya miaka 15. Shati hilo likivaliwa, likatolewa, likafungwa ndani ya robota na kuteremshwa Mombasa, mzalishaji wa Kifaransa anatoweka kwenye daftari. Kisheria mahali pake panaweza kuchukuliwa na mwagizaji wa Nairobi aliyelinunua kwa kilo bila kufungua robota, asiyejua kama ndani mna pamba au poliesta, na asiye na uwezo wowote wa kumwambia mbunifu wa Ulaya ashone tofauti. Amepewa dhima ya uamuzi uliofanywa na mtu mwingine. Hilo linapindua kiini cha hoja ya mwaka 1990.

Wafanyabiashara wa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, wana lugha yao ya ubora, na ni sahihi kuliko majedwali mengi ya forodha. “Kamera” ni nguo za chaguo la kwanza, zinazogombaniwa robota linapokatwa alfajiri. “Fagia” ni zile zinazobaki chini baada ya wote kuchagua. Kati ya kamera na fagia ndimo mlimo na faida au hasara ya mama mwenye kibanda, na baada ya fagia kuna mto na jaa. Kiasi gani kinafika huko ni suala linalobishaniwa vikali. Ripoti iliyotolewa Februari 2023 na shirika la Changing Markets Foundation ilikadiria kwamba Kenya ilipokea zaidi ya vipande milioni 900 vya nguo za mitumba mwaka 2021, karibu milioni 150 vikitoka Umoja wa Ulaya na Uingereza, na kwamba hadi kipande kimoja kati ya vitatu kilikuwa na plastiki na kilikuwa duni au kichafu mno kwa matumizi. Waagizaji walizikanusha hesabu hizo na kusisitiza kwamba kinachotupwa ni kidogo sana, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara anayelipa nauli ya meli, ushuru na ada ya bandari kwa kitu cha kutupa. Hoja yao ina nguvu, na mtu asiipuuze kwa kuwa imetoka kwa wenye maslahi. Hata hivyo haigusi swali letu. Tukikubali kwamba kila kipande kilichofika kilivaliwa, bado kitachakaa, na kitachakaa hapa. Shati la poliesta lililovaliwa Paris miaka miwili na Kayole miaka mitatu linaishia Dandora, huku ada iliyolipwa kwa ajili ya mwisho wake ikiwa imebaki Ufaransa.

Wako watakaosema kwamba Ulaya imeshaliona tatizo na kulitibu. Ni kweli kwamba agizo la 2025 linahesabu nguo zilizokusanywa kuwa taka mpaka zichambuliwe, ili zisisafirishwe zikiwa mchanganyiko kwa jina la mitumba. Ni kweli pia kwamba kanuni nyingine ya Ulaya, namba 2024/1157, inabana usafirishaji wa taka kwenda nchi zisizo wanachama wa OECD: kuanzia Mei 2027 taka zisizo hatari zitaweza kwenda tu katika nchi zilizoomba na kukubaliwa. Hatua hizi zitapunguza marobota machafu, na mwenye kibanda atazifurahia kuliko mtu mwingine yeyote. Lakini zinaamua kipi kivuke mpaka, hazisemi chochote kuhusu kitakachotokea kwa kilichovuka kihalali. Anayechambua Ulaya atasema “hili linavalika”, na kwa neno hilo dhima inakatika. Kadiri uchambuzi unavyokuwa mzuri, ndivyo nguo nyingi zaidi zinavyoweza kuvuka mpaka zikiwa zimesafishwa dhima yake.

Wakati huo huo bili inalipwa, na inafaa tuseme ni nani anayeilipa. Katika mitaa ya Umoja, Kayole na Mathare Kaskazini, mpangaji hulipa vijana wa mkokoteni ada ya kila mwezi wamzolee taka. Kaunti hulipia malori. Sehemu kubwa kuliko zote hulipwa kwa mwili. Mwaka 2007 UNEP ilichapisha utafiti wa watoto 328 walioishi na kusoma karibu na jaa la Dandora, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichozidi mpaka uliokubaliwa wakati huo. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa hilo lihamishwe. Halijahamishwa. Waokotaji wanaoingia humo kila siku hutenganisha chupa, vyuma, mifuko na mabaki ya nguo kwa mikono, wakauza kwa kilo kwa wenye mizani, na bidhaa hiyo ikaishia kwenye mashine za kusaga plastiki na tanuri za kuyeyushia alumini za Kariobangi Light Industries. Kazi ambayo kampuni za Ulaya zitalipa bili yake kuanzia 2028, wao wameifanya kwa miongo kadhaa. Bei wanayopata ni ya mali tu. Huduma ya kuitoa kwenye mazingira hailipwi na mtu.

Pingamizi kali kuliko zote inatoka nyumbani: fedha zikija, zitapotea. Wakenya wana sababu ya kuwa na shaka. Mswada wa Fedha wa 2024 ulileta pendekezo la tozo ya mazingira iliyogusa hata nepi za watoto na simu, na Mswada wote uliondolewa tarehe 26 Juni 2024 baada ya maandamano. Wengi walidhani tozo ile na EPR ni kitu kimoja, na jina lisiloeleweka lilichangia. Tofauti yake ni kubwa. Tozo ni kodi: inaingia Hazina ya Kitaifa na inaweza kulipia chochote. Katika mfumo wa dhima, wazalishaji huunda shirika lao, hulichangia kwa uzito na aina ya bidhaa zao, na fedha hizo zinapaswa kulipia ukusanyaji wa bidhaa hizo hizo. Dawa ya upotevu ni kuzifikisha fedha kwenye mizani. Afrika Kusini imeonyesha njia moja: kanuni zake zilizoanza kutumika Mei 2021 zinayataka mashirika ya wazalishaji yawalipe waokotaji waliosajiliwa ada ya huduma, juu ya bei ya mali wanayouza. Dandora ina mizani, ina wanunuzi, na waokotaji wake wana vyama. Kinachokosekana ni sharti la kisheria linalomtaja mwokotaji kama mtu anayedai malipo kutokana na dhima ya mwingine.

Sharti hilo lina pande mbili. Upande wa Kenya, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, inaweza kuyalazimisha mashirika ya wazalishaji yaliyosajiliwa kuonyesha ni kilo ngapi yamezilipia, kwa nani, na kwenye jaa gani. Inaweza pia kutoa maelezo yake kwa Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba, ili mwagizaji wa Gikomba ajue anachodaiwa kabla hajadaiwa. Upande wa Ulaya, kila moja ya nchi 27 itaandika au itarekebisha sheria yake kati ya sasa na Aprili 2028, na hakuna nchi inayozuiwa kukubali kwamba sehemu ya ada ya shati isafiri pamoja na shati. Wanaharakati wa soko la Kantamanto, Accra, wamekuwa wakilidai hilo tangu mwaka 2023. Kenya, inayopokea nguo nyingi na iliyo mwenyeji wa UNEP, haijalidai kwa sauti kama hiyo, na muda wa kulidai kabla sheria hizo hazijapitishwa ni mfupi.