Bibi Hayumo Kwenye Fomu

Kila mwezi, chuo kikishanilipa posho yangu ya usaidizi wa kufundisha, namtumia Bibi pesa kwa simu. Bibi yuko Muheza. Pesa hizo ni dawa za presha, umeme, na nauli ya kwenda kliniki Tanga mjini. Zikichelewa hanidai. Hupiga kuniuliza kama huku baridi imepungua, nami huelewa.

Zamani hilo lilikuwa jukumu la mama. Alikuwa mwalimu, na kwenye bima yake ya afya alimwandikisha Bibi kuwa mtegemezi. Bibi alipewa kadi yenye picha na akaitunza ndani ya msahafu. Mama alifariki 2021, kadi ikakoma, Bibi akawa wangu.

Machi hii nilikaa maktaba kujaza fomu ya kodi ya mapato ya Marekani, ile ya wageni wasiohesabiwa kuwa wakazi. Kwenye maelezo ya sehemu ya wategemezi niligundua kuwa swali lenyewe halinihusu. Wageni wa kundi langu wanaoruhusiwa kuandika mtegemezi ni wachache: wa Kanada, Meksiko, Korea Kusini, na wanafunzi wa India kwa sababu ya mkataba. Mimi nasoma historia, si uhasibu, kwa hiyo badala ya kumaliza fomu nikaanza kutafuta haya yalianzia wapi.

Kodi hii kwa sura yake ya sasa ilianza 1913, na mwanzoni haikuhesabu watoto kabisa. Asiye na ndoa alisamehewa dola 3,000 za kwanza, wanandoa dola 4,000, kiasi kikubwa hata watu wengi hawakulipa chochote. Vita ndivyo vilivyowaleta watoto kwenye fomu. Mwaka 1917 serikali ilihitaji fedha, ikashusha msamaha huo hadi dola 1,000 na 2,000, kodi ikaanza kubisha hodi kwa watu wa kipato cha kawaida. Kama kuwapoza, ikawapa wenye familia dola 200 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 18.

Kisha ikaja sheria ya mapato ya 1918, ambayo kifungu chake kimoja nilikisoma mara tatu. Mtegemezi alikuwa mtu yeyote, mradi awe chini ya miaka 18 au hawezi kujitunza kwa sababu ya hali ya mwili au akili, na wewe ndiye unayebeba sehemu kubwa ya matunzo yake. Hakikutaja shangazi wala mjomba. Hakikuuliza anaishi nchi gani. Kiliuliza anakula kwa nani.

Hilo lilibadilika 1944. Vita vya pili vilikuwa vimewageuza mamilioni ya wafanyakazi kuwa walipakodi, na Bunge la Marekani likataka fomu iwe nyepesi. Likaondoa masharti ya umri na ulemavu, jambo jema, na likaweka orodha ya ndugu. Babu na bibi wamo. Mtoto wa baba mdogo hayumo (natamani kumwona mtu akimweleza Bibi kwamba huyo si ndugu yangu wa kuhesabika). Halafu likaongeza mpaka: raia wa nchi ya kigeni hahesabiwi, isipokuwa anaishi Marekani au katika nchi inayopakana nayo. Ramani ikaingia kwenye undugu, na hadi leo haijatoka.

Rafiki yangu wa uchumi anaitetea sheria. Nani, ananiuliza, angehakikisha kwamba huko Muheza kuna bibi kweli? Swali la haki. Lakini hata wa ndani hawakuhakikishwa kwa miongo mingi. Uliandika jina, ukaaminiwa. Mageuzi ya kodi ya 1986 ndiyo yaliyodai kila mtegemezi wa miaka mitano na zaidi aandikwe na namba yake ya hifadhi ya jamii. Fomu za mwaka wa 1987 zilipoingia, wategemezi wapatao milioni 7 walikuwa wametoweka. Wengine walikuwa wameandikwa mara mbili, na baba na mama waliotalikiana. Wengine hawakuwahi kuzaliwa. Inasimuliwa kwamba walikuwamo hata paka na mbwa.

Nilicheka peke yangu maktaba. Baadaye kicheko kiliisha. Paka wa mtu aliwahi kupunguza kodi.

Tangu 2018 msamaha wenyewe umeshushwa hadi sifuri. Kwa mtegemezi asiye mtoto wa kustahili mafao ya watoto, mkazi hupunguziwa dola 500 za kodi. Si fedha ya kugombania sana, ingawa ni dawa za miezi kadhaa.

Nilimaliza fomu saa nne usiku, sehemu ya wategemezi ikiwa tupu. Nilipotoka nje simu ikaita. Kule kulikuwa alfajiri, Bibi ametoka kuswali.

"Baridi imepungua huko, mjukuu wangu?"

Nikasimama chini ya taa ya barabarani, nikafungua programu ya kutuma pesa.

"Imepungua, Bibi. Kesho asubuhi angalia simu."