Mavi ya Chuma Chini ya Magurudumu

Mwaka 1901 Edgar Purnell Hooley, mhandisi wa barabara wa Nottinghamshire nchini Uingereza, alipita karibu na kiwanda cha kuyeyushia chuma cha Denby, akaona kipande cha barabara kisicho na vumbi wala mashimo. Akaelezwa kwamba pipa la lami lilikuwa limeanguka na kupasuka, na watu, ili kufunika uchafu ule unaonata, wakaumwagia mavi ya chuma kutoka kiwandani.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya lami. Mimi naona mavi ya chuma yamenyimwa nusu ya sifa yake. Tanurini, mawe yenye madini ya chuma huyeyushwa pamoja na makaa na mawe ya chokaa. Chokaa hunasa mchanga na udongo uliomo, na mchanganyiko huo, yaani mavi ya chuma, huelea juu ya chuma kama povu la maharage. Ukimwagwa nje upoe polepole, huganda kuwa jiwe gumu lenye vitundu vingi. Lami hupenya humo ikashika, na kingo kali za jiwe hilo zikishindiliwa hung'ang'aniana. Changarawe ya mtoni, iliyolainishwa na maji, haina uwezo huo.

Warumi walitumia mavi ya chuma karne nyingi kabla ya Hooley. Katika eneo la Weald, kusini mashariki mwa Uingereza, walikuwa na matanuri mengi, na barabara yao ya London hadi Lewes ilitandazwa masalia ya matanuri hayo. Ilipofukuliwa huko Holtye mwaka 1939, mavi ya chuma yalikutwa yameshikana kwa kutu kama bamba moja, na mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni ikiwa bado inaonekana.

Baadaye zikaja barabara za mjenzi John Loudon McAdam, aliyefariki mwaka 1836, zilizokuwa za mawe madogo yaliyopasuliwa na kushindiliwa bila gundi yoyote. Kwato na magurudumu ya chuma vilisaga mawe, na unga wake ukaziba nyufa. Motokaa ziliharibu mpango huo: matairi ya mpira yalifyonza ule unga, mawe yakalegea, na vumbi likaingia majumbani. Hooley alisajili njia yake mwaka 1902: mavi ya chuma yaliyopashwa moto, yakachanganywa na lami iliyotiwa utomvu na saruji kidogo, kisha yakatandazwa na kushindiliwa kwa mtambo wa mvuke. Lami yenyewe ilikuwa masazo ya viwanda vya gesi ya makaa ya mawe. Barabara ya Radcliffe, Nottingham, ikawa ya kwanza kutengenezwa hivyo.

Biashara ya njia hiyo ilimshinda Hooley. Mwaka 1905 ikachukuliwa na Alfred Hickman, mbunge wa Wolverhampton na mmiliki wa kiwanda cha chuma, ambaye alikuwa na vilima vya mavi ya chuma visivyo na mnunuzi. Kwa maoni yangu, vilima vile viliisukuma lami mbele zaidi kuliko hati ya Hooley.

Masalia ya kutengeneza feleji yana tabia yake. Ndani yake hubaki chokaa hai, ambayo ikipata maji huvimba na kupasua barabara. Kwa hiyo hurundikwa nje miezi kadhaa, yakinyeshewa na kumwagiliwa, hadi uvimbe uishe. Yakishakomaa, ugumu wake huzuia matairi kuteleza, na ndiyo maana mafundi huyatafuta kwa tabaka la juu. Huko Hazira, Surat, nchini India, barabara ya njia sita inayopitisha malori mazito ilifunguliwa mwaka 2022 ikiwa imejengwa kwa masalia hayo.